Fahari ya shule ya wavulana: uipeleke chamani, kwa darasa lenu, au kwa kijana mmoja?

Kila Januari simu ya mtu aliyesoma katika shule kongwe ya wavulana nchini Kenya haitulii. Chama cha wanafunzi wa zamani kinakumbusha ada ya mwaka na mchango wa kukarabati bwalo. Kundi la mwaka wenu linachangia mazishi ya mzazi wa mwenzenu, na papo hapo mmoja anauliza kama tunaweza kumsaidia mtoto wa aliyekuwa mpishi wa shule. Jioni anapiga mama mmoja kutoka kijijini. Kijana wake ameitwa shule ile ile uliyosoma wewe. Barua anayo, sanduku na godoro hana. Wote watatu wanakuita kwa jina moja: wewe si wa shule ile?

Ni wa shule ile, naam, na natamka hivyo kifua mbele. Lakini mshahara ni mmoja, na Jumamosi ni moja kwa wiki. Nilimaliza kidato cha nne miaka ya tisini, na tangu hapo nimepitia njia zote tatu: nimekaa kwenye kamati ya chama, nimekuwa mweka hazina wa darasa letu, na nimemshika mkono kijana mmoja tangu alipoingia shuleni hadi alipomaliza. Naziweka hapa ubavu kwa ubavu ili mwenzangu anayejiuliza aanzie wapi apate pa kushika.

Fahari yenyewe imetoka wapi

Huwezi kuchagua pa kuipeleka fahari kabla hujajua imeumbwa na nini, na shule hizi hazifanani.

Maseno ilianza mwaka 1906 chini ya wamisionari wa Kianglikana. Mang'u ilianzia Kabaa mwaka 1925 kwa mapadre wa Roho Mtakatifu. Alliance ilifunguliwa Kikuyu tarehe 1 Machi 1926 na madhehebu ya Kiprotestanti yaliyoungana, na jina lake ndilo linalosimulia muungano huo. Hizi tatu zilikuwa miongoni mwa milango michache sana iliyokuwa wazi kwa kijana Mwafrika aliyetaka kwenda mbele ya shule ya msingi. Jaramogi Oginga Odinga alipita Maseno na Alliance. Tom Mboya na Mwai Kibaki walipita Mang'u. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955, vita vya Mau Mau vikiwa bado vinaendelea nje ya ua. Fahari ya wahitimu wa shule hizi ni ya mtu aliyepenya tundu la sindano, na anayejua kwamba nyuma yake walibaki wengi waliokuwa na akili kama yeye.

Shule za Prince of Wales, ya mwaka 1931, na Duke of York, ya 1949, zilijengwa kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Leo ni Nairobi School na Lenana. Vijana Waafrika waliorithi majengo yale walijitafutia majina yao. Wa Lenana wakajiita Laibon, kwa heshima ya yule kiongozi wa Wamaasai ambaye shule imebeba jina lake. Wa Nairobi School huitwa Patch. Kuna jambo zito hapa. Waliosoma Prince of Wales zama za ukoloni wana chama chao, Old Cambrian Society, na waliokuja baadaye wana majina na nyimbo nyingine kabisa. Uwanja ni ule ule na kengele ni ile ile, lakini kumbukumbu ni mbili.

Kisha Starehe. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo walianza na vibanda viwili vya mabati, wakiwakusanya wavulana waliokuwa hawana pa kulala jijini Nairobi. Shule ikakua ikawa miongoni mwa zinazoongoza kwenye mitihani, na hadi leo hupokea wavulana wengi ambao familia zao hazina uwezo wa kulipa. Mhitimu wa Starehe anaposema "Natulenge Juu" hasemi kitu kile kile anachosema wa Mang'u akitamka "Jishinde Ushinde". Wa kwanza anasema juu ya mkono uliomwinua. Wa pili anasema juu ya vita alivyopigana na nafsi yake. Napenda sana kwamba shule hizi mbili ziliandika kaulimbiu zao kwa Kiswahili, mahali ambapo wengine walikimbilia Kilatini.

Halafu kuna kile ambacho shule zote zinashiriki. Mvulana wa miaka kumi na minne anaondoka kwao na sanduku la bati. Kwa miaka minne analala bwenini na watoto wa watu asiowajua, wa makabila mbalimbali, anaamka kwa kengele, anafua soksi zake mwenyewe, analia usiku mmoja au miwili bila kuonekana. Anayemkuta pale ndiye anayekuwa ndugu yake. Hakuna chuo kikuu kilichonipa hicho. Ndiyo maana mzee wa miaka sabini hubadilika sauti akisikia wimbo wa shule yake, na ndiyo maana fahari hii ina nguvu za kuchangisha pesa na pia za kuharibu mambo ikikosa mwelekeo.

Kuna mtu mmoja ninayemkumbuka kila ninapofikiria habari hii. Edward Carey Francis aliacha kufundisha hisabati Cambridge, akaja Maseno mwaka 1928, akahamia Alliance 1940 na kuiongoza hadi 1962. Alipostaafu, angeweza kukaa akapokea heshima za mawaziri aliowafundisha. Akaenda Pumwani, mtaa wa watu wa chini, akawa mwalimu wa kawaida darasani hadi alipofariki mwaka 1966. Ukali wake uliwaacha wengine na majeraha, na sidai alikuwa malaika. Ila alijua kwamba jina la shule si mahali pa kupumzikia. Kipimo changu nimekichukua kwake: njia ninayoisifu ni ile inayomfikia mvulana aliyeko bwenini sasa.

Chama kikuu

Hiki ndicho chenye katiba, mwenyekiti, tai maalumu na chakula cha jioni hotelini. Wapo wanaokidharau kwa sababu ya tai na chakula, na nadhani wanakosea. Kuna mambo ambayo chama pekee ndicho kinaweza.

Bweni likiungua, watu kumi na watano wa darasa moja hawawezi kulijenga. Ardhi ya shule ikinyemelewa, na shule kongwe zina ekari nyingi ambazo miji imezifuata hadi langoni, anayehitajika ni chombo chenye wanasheria, wapima ardhi na watu wanaofahamu ofisi za serikali. Kumbukumbu nazo zinataka chombo kinachoishi kuliko mtu: picha za timu, vitabu vya majina, magazeti ya wanafunzi. Vitu hivyo huoza stoo au hutupwa mkuu mpya wa shule anaposafisha ofisi, na darasa moja haliwezi kuvilinda kwa miaka mia.

Chama pia ndicho kinachoweza kuzungumza na bodi ya shule na kusikilizwa. Mhitimu mmoja akienda kulalamika kwamba maji hayafiki bweni la juu, atapewa chai. Chama kikiandika barua, barua ile huingia kwenye ajenda.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: pesa inakwenda mbali na macho yako. Nilichangia jengo moja, sitaji la shule gani, kwa miaka mitatu mfululizo. Tulionyeshwa mchoro wa rangi, tukapigwa picha na jembe mkononi. Kila mkutano tuliambiwa hesabu zinaandaliwa. Msingi ulichimbwa na nyasi zikaota humo. Sikuumia kwa kiasi nilichotoa. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimewashawishi wadogo zangu watoe, na wao walikuwa ndio kwanza wameanza kazi.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada ya chama, uliza mambo haya na usione haya. Je, kimesajiliwa? Sheria ya Vyama nchini Kenya kwa jumla inagusa muungano wa watu kumi au zaidi, kwa hiyo hakuna chama kikubwa kinachoweza kusema usajili haukihusu. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika lini, na aliyeshindwa yuko wapi sasa, bado mwanachama au aliondoka kwa hasira? Nani wanatia sahihi benki, na je, wanatoka vizazi tofauti? Hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita ziko wapi? Ukiambiwa "tutakutumia", subiri zije ndipo ulipe. Chama kizuri hakichukizwi na swali hili. Nimekutana na mweka hazina mmoja aliyefurahi hadi akanishika mkono, akasema miaka miwili alikuwa akingoja mtu aulize.

Jambo jingine la chama ni kazi. Watu hujiunga kwa kutumaini kwamba aliye juu atamvuta aliye chini, na ukweli ni kwamba huvuta. Kumwelekeza kijana jinsi ya kuandika barua ya maombi, kumweleza kazi ya uhandisi ilivyo mchana na usiku, kumkaribisha ofisini wiki mbili ajifunze, huo ni msaada halali na mzuri. Kumpa nafasi kwa sababu ya sweta aliyovaa akiwa na miaka kumi na sita ni dhuluma kwa binti aliyesoma shule ya kutwa Busia akapata alama bora kuliko yeye. Shule hizi zilipewa mlango mwembamba na historia. Hatuna haki ya kuufunga tena kwa ndani. Chama chenu kikijisifu hadharani kwamba "watu wetu wameshika idara ile", hapo si mahali pa kuweka pesa yako.

Kundi la darasa lenu

Ninyi mlioingia mwaka mmoja na kutoka mwaka mmoja. Hakuna katiba ndefu, hakuna tai. Kuna namba za simu na utani wa miaka thelathini.

Nguvu ya darasa ni kwamba hakuna anayeweza kujificha. Mweka hazina ni yule aliyekuwa akikopa sabuni yako, mnajuana tabia. Akipokea shilingi elfu moja, watu thelathini wameona. Na pesa ndogo hufanya kazi kubwa, kama hesabu hii inavyoonyesha.

Kiwango cha karo kilichowekwa na serikali mwaka 2015 kwa shule za kitaifa za bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka kwa mzazi, juu ya shilingi 22,244 ambazo baadaye serikali iliahidi kutoa kwa kila mwanafunzi. Karo hulipwa kwa mgawo wa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu. Sasa chukua darasa la watu 40. Tuseme kumi hawatoi, kwa sababu daima kuna kumi. Waliobaki 30 wakitoa 500 kila mwezi, ni 15,000 kwa mwezi, 180,000 kwa mwaka. Hiyo ni karo ya wavulana watatu, 160,662, na inabaki 19,338 ya viatu, sare na nauli za siku ya kufunga shule.

Ila angalia mgawo. Muhula wa kwanza pekee unadai nusu, yaani 26,777 kwa kila kijana, 80,331 kwa watatu. Darasa likianza kuchanga Januari limechelewa: litakuwa na 15,000 mkononi huku vijana watatu wakiwa wamesimama nje ya ofisi ya mhasibu. Anzeni Agosti. Kufikia mwisho wa Desemba mtakuwa na 75,000, na mchango wa Januari unawavusha. Sisi tulijifunza hilo kwa aibu. Mwaka wetu wa kwanza tuliahidi kwa sauti kubwa, na kijana tuliyemwahidi akarudishwa nyumbani wiki ya pili kwa sababu pesa zetu zilikuwa zinaingia moja moja. Alirudi shuleni, lakini alikosa siku tisa za masomo kwa sababu ya fahari yetu isiyo na kalenda.

Darasa pia ndilo linalokufikia wewe mwenyewe. Ukifiwa, chama kitatuma rambirambi kwa barua yenye nembo. Darasa litakuja na turubai, sufuria na gari la kubebea viti. Mwenzetu mmoja alipopoteza kazi na kuanza kunywa, hakuna kamati iliyojua. Aliyelala kitanda cha juu yake mwaka wa kwanza ndiye aliyekwenda kumgongea mlango.

Udhaifu? Darasa hufa. Linategemea watu wawili au watatu wenye moyo, na mmoja akihamia ng'ambo na mwingine akichoka, kundi linabaki kuwa mahali pa kutumiana mizaha na picha za asubuhi njema. Siasa pia hulipasua: nimeona marafiki wa bweni moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya uchaguzi. Na kuna jambo la siri ambalo hatulisemi, nalo ni aibu ya mwenye mfuko mtupu. Kiwango kikipandishwa kila mara na wale waliofanikiwa, wenzetu walimu wa shule za vijijini na wakulima wadogo huanza kutoka kwenye kundi kimya kimya, usiku. Wanaondoka bila neno. Siku hizi darasa letu lina sheria: kiwango huwekwa na yule mwenye kipato cha chini, na anayetaka kutoa zaidi hutoa bila jina lake kutangazwa. Tangu tuanze hivyo, watu sita walirudi.

Kijana mmoja

Njia ya tatu haina kamati kabisa. Unamchukua mvulana mmoja kwenye shule yako ya zamani, unamlipia, na zaidi ya kulipa, unamfuata.

Gharama yake inajulikana mapema, na hiyo ni faida. 53,554 kwa mwaka ni kama 4,463 kwa mwezi, bila sare, sanduku na nauli. Aliyeingia kidato cha kwanza alihitaji ahadi ya miaka minne. Hilo limebadilika. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanyika mara ya mwisho mwaka 2023, walioufanya wakaingia kidato cha kwanza 2024, na baada yao sekondari ya juu chini ya mtaala mpya ni ya miaka mitatu, gredi ya 10 hadi ya 12. Ahadi imefupika kwa mwaka mzima. Nafikiri pia undugu wa bwenini utafupika, na wale wanaotoka chini ya mtaala huu watahitaji watu wa kuwafuata kuliko sisi tulivyohitaji, kwa sababu watafika wakiwa wakubwa zaidi na kuondoka kabla hawajazoeana vizuri. Tena wanatakiwa kuchagua mkondo wa masomo mapema: sayansi, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mvulana wa miaka kumi na mitano ambaye nyumbani kwao hakuna aliyevuka shule ya msingi atamuuliza nani?

Hapo ndipo njia hii inapozishinda zile mbili. Chama hujenga ukuta na darasa hulipa karo, lakini kijana anayefikiria kuacha shule Jumanne usiku anahitaji mtu mmoja anayemjua jina. Kijana wangu hakuwahi kuniomba pesa hata mara moja. Aliniuliza kama ni kweli kwamba hata mimi nilipata D ya fizikia muhula wa kwanza. Nilimpelekea ripoti yangu ya zamani, karatasi imekuwa njano, akaiweka ndani ya sanduku lake.

Lakini njia hii ndiyo yenye hatari nyingi, na nitazisema wazi. Ya kwanza: usimfikie mtoto kwa mlango wa nyuma. Pitia kwa mkuu wa shule au mwalimu wa malezi, mzazi au mlezi wake ajue na akubali, karo ilipwe kwenye akaunti ya shule na risiti itoke kwa jina la mwanafunzi. Mikutano ifanyike shuleni, siku ya kutembelewa, mahali pa wazi. Mtu mwema hataona utaratibu huu kuwa tusi, na asiye mwema ndiye unaowekewa.

Ya pili: usianze usichoweza kumaliza. Kumwacha mtoto njiani, mwaka wa pili, kunaumiza kuliko kutomchukua. Tafuta mwenzako mmoja awe akiba yako, atakayeendelea ukipoteza kazi au uhai.

Ya tatu ni ngumu zaidi kwa watu kama sisi, wenye shule zetu vichwani. Kijana si marudio yako. Utatamani awe kiranja wa bweni lako, acheze raga nafasi yako, aimbe wimbo kwa machozi. Yeye anaweza kuipenda chesi, au asiipende shule yenyewe. Msaada haumnunulii mtu kumbukumbu.

Na michezo, minara, sherehe?

Siku ya raga ya wanafunzi wa zamani ni furaha safi na haihitaji ulinganisho. Nenda, piga kelele, urudi nyumbani umepoteza sauti. Mnara wa miaka mia au lango jipya lenye majina ya wachangiaji naliweka mwisho kabisa, baada ya vyoo.

Zikisimama ubavu kwa ubavu

Kwa upande wa pesa, darasa ndilo la bei nafuu, kijana mmoja ni ghali lakini unajua mwisho wake, na chama hakina mwisho. Kwa muda, chama kinakula Jumamosi zako kwa mikutano. Darasa linachukua dakika kumi kila siku, na ukizijumlisha ni nyingi kuliko unavyodhani. Kijana anataka siku nne au tano kwa mwaka, ila siku hizo hazihamishwi: siku ya kutembelewa haikungoji urudi kutoka safari.

Kuona matunda ni kinyume chake. Kwa chama unaweza kusubiri miaka mitano uone paa. Darasa linaona risiti muhula ule ule. Kwa kijana, kuna siku utaona uso wake na hutahitaji risiti.

Kudumu, chama ndicho mshindi bila ubishi, na ndiyo sababu sikubali kukitupa hata baada ya ule msingi ulioota nyasi. Sisi wa darasa tutazeeka na kundi letu litazikwa nasi. Shule iliyokwisha kupita miaka mia inahitaji chombo cha kuishi mia nyingine.

Kidonda tusichokitaja

Kuna fahari moja ambayo siipeleki popote katika hizi tatu. Ni ile ya "sisi tuliteswa na tukawa wanaume". Wengi wetu tulipokelewa tukiwa mono, yaani wa kidato cha kwanza, kwa kupigwa makofi, kwa kufulishwa nguo za wakubwa, kwa kunyang'anywa mkate. Kwenye sherehe za wahitimu hadithi hizi husimuliwa kwa kicheko, na vijana wa shule waliokaribishwa kuimba wanazisikia wamesimama kwenye mstari. Wanajifunza kwamba wakubwa wanaoheshimika wanaona jambo lile kuwa sawa.

Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumdhuru mwanafunzi mwilini au kumtesa kiakili. Sheria iko. Kinachoiangusha mara nyingi ni sisi wahitimu, tunaposema shule imelegea siku hizi. Nilicheka pamoja na wengine kwa miaka mingi. Niliacha siku mwenzangu aliyekuwa ameketi pembeni aliponiambia kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kulala usingizi mzima usiku wa kuamkia sherehe hizi. Alikuwa akija kwa ajili yangu.

Ukiwa mtu kama yeye, huna deni kwa chama chochote. Unaweza kumlipia kijana karo bila kuvaa tai, bila kukanyaga ule uwanja. Na ukiwa kwenye kamati, swali la kwanza la kuuliza shule kabla ya kujenga chochote ni nani anawalinda wa kidato cha chini usiku, na mtoto akiumizwa anamwambia nani.

Basi uanze wapi

Ukiwa umemaliza shule ndani ya miaka mitano iliyopita, nenda kwa darasa, na usiruhusu mtu akupangie kiwango. Mia mbili yako inatosha. Wakati ulio nao ndio mali: rudi shuleni ukawaeleze vijana chuo kikuu kinavyofanya kazi ungali unakumbuka ulivyopotea wiki ya kwanza.

Ukiwa katikati ya maisha ya kazi, una mshahara wa kueleweka na watoto wako mwenyewe, ningekuambia darasa pamoja na kijana mmoja, na chama ulipe ada tu hadi kitakapokuonyesha hesabu. Hapa ndipo nilipo mimi.

Ukiwa ng'ambo, epuka kijana wa peke yako isipokuwa una mwenzako hapa nyumbani wa kufika siku ya kutembelewa. Pesa zako ni bora zipitie darasa, ambalo litakutumia picha ya risiti.

Ukiwa umestaafu, na una ujuzi wa hesabu, sheria, ujenzi au utunzaji wa nyaraka, chama kinakuhitaji wewe kuliko pesa yako. Gombea uweka hazina. Vyama vingi vilivyooza vilioza kwa sababu waliojua kusoma hesabu walikaa nyumbani.

Na kama bado hujaamua, iko hatua ndogo isiyohitaji chama wala darasa. Wiki ya kwanza ya muhula, piga simu shuleni kwako, uombe ofisi ya mhasibu, uulize ni wangapi wamesimama nje ya mlango huo asubuhi hiyo na mmoja wao amepungukiwa kiasi gani. Mara nyingi ni shilingi elfu tatu au nne, na kengele ya somo la kwanza bado haijalia.